Maua ya mwisho wa kaskazi: namna ya kuyapata Lamu na Malindi kabla ya mvua za mwaka

Kuanzia katikati ya Januari hadi mvua za mwaka, yaani masika, zianguke, pwani yetu hukauka. Nyasi za Malindi zinageuka rangi ya mkeka, vumbi la barabara linakaa juu ya kila jani, na kule Lamu kuta za mawe zinaendelea kutoa joto hata baada ya isha. Katika wiki hizo hizo kuna mimea inayochanua kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka: waridi la jangwa linajaa maua halina hata jani moja, bogenvilia inafunika ukuta mzima, franjipani inachanua kwenye vijiti vitupu, na asumini, ikitunzwa, inatoa vitumba kila jioni.

Wengi wetu tunaanza kuyashughulikia maua Februari, jua likishawaka. Mtu ananunua mche uliochanua kitaluni, anaupeleka nyumbani kwa tuktuk, anaumwagilia asubuhi na jioni kwa huruma, na baada ya wiki tatu una majani mazuri ya kijani na hauna ua hata moja. Kazi ya maua haya inaanza Oktoba, na kinachoyaleta zaidi ya mbolea ni kiu: kujua uunyime mmea maji lini, na uurudishie lini. Kila mmea una kiu yake, na hapo ndipo sehemu kubwa ya mwongozo huu ilipo.

Kwanza niliondoe suala la maua ya Ulaya, kama yanaweza kuchanua hapa kwetu, maana Malindi kila mwaka halikosi kuulizwa. Huko kaskazini mwa Ulaya, mwishoni mwa majira ya baridi, krokasi na vile vikengele vyeupe vya Galanthus huchomoza Februari hata theluji ikiwa bado ipo chini. Vinaweza kwa sababu chakula chao kimehifadhiwa ndani ya tunguu tangu msimu uliopita. Wageni na wenye nyumba za pwani wakati mwingine huja na matunguu hayo, au ya tulipu, wakayapanda wakisubiri. Tulipu inahitaji wiki 12 hivi au zaidi za baridi ndipo iweze kuchanua vizuri, baridi ya chini ya nyuzi 10, na Malindi hata usiku wa Julai ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20. Ukiyaweka kwenye friji miezi mitatu huenda yakachomoza, lakini joto la Februari litayamaliza kwa siku chache. Pesa hizo nunua vyungu.

Hatua ya kwanza: tazama mahali

Simama pale unapotaka maua, saa nne asubuhi, saa sita, kisha saa tisa, uone jua linafika au halifiki. Bogenvilia, waridi la jangwa na franjipani zinataka jua kali kwa muda wa saa sita kila siku, likizidi ni sawa. Asumini inaridhika na nusu ya siku, na jua la asubuhi ndilo linaloifaa zaidi.

Katika nyumba za kale za Lamu shida inaanzia hapo. Kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba, ni kidogo na kuta zake ni ndefu, kwa hiyo jua linashuka hadi chini kwa muda mfupi tu mchana. Kiwandani weka asumini na mrehani. Vinavyotaka jua vipandishe darini, juu ya paa la bapa, lakini kwa akili. Dari hizo zimebebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa. Chungu kikubwa cha lita 40, udongo ukishalowa, hupita kilo 50. Vipange vyungu pembeni, karibu na ukuta, pale boriti zinapolalia, wala usivikusanye katikati ya dari. Kila chungu kiinue juu ya vipande vitatu vya jiwe ili maji yanayotoka chini yakauke kwa upepo badala ya kunywewa na chokaa. Boriti iliyooza kwa maji ya chungu itakugharimu kuliko maua yote utakayopanda maishani.

Malindi nafasi ipo, adui ni bahari. Nyumba inayotazama maji inapokea chumvi kwa upepo, na utaiona kwenye majani: kingo zinaungua, zinakuwa kahawia, katikati jani likiwa zima. Bogenvilia inastahimili, kwa hiyo ipande mbele ikukinge. Asumini ipande nyuma ya ukuta au nyuma ya hiyo bogenvilia yenyewe. Mara moja kwa wiki, jioni, osha majani kwa maji matamu.

Na mbuzi je? Mbuzi anakula bogenvilia changa bila kujali miiba. Waridi la jangwa lina utomvu wenye sumu kali inayoshika moyo. Wawindaji sehemu mbalimbali za Afrika walikuwa wakiipaka kwenye mishale. Penye watoto wadogo liweke juu, vaa glavu unapolikata, na usiguse macho kabla ya kunawa kwa sabuni. Utomvu mweupe wa franjipani nao unawasha ngozi, ingawa si wa kuogopwa kiasi hicho.

Hatua ya pili: udongo, chungu na maji

Ardhi yetu kwa sehemu kubwa ni mchanga uliolala juu ya matumbawe. Lamu mjini kuna zaidi ya hayo: nyua nyingi zimejaa kifusi cha chokaa kilichodondoka kutoka kwenye kuta kwa vizazi. Chokaa hiyo inaufanya mmea ushindwe kupata madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Dalili yake haifichiki, majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Asumini huathirika haraka. Usimwage majivu ya jikoni hapo, ingawa watu wengi hufanya hivyo kwa nia njema, kwa sababu majivu yanazidisha hali ile ile ya chokaa. Dawa nyepesi ni kuacha kushindana na ardhi: panda asumini kwenye chungu chenye udongo ulioletwa.

Kwa asumini changanya ndoo mbili za udongo mweusi au ule wa kingo za mto Sabaki, ndoo moja ya mchanga na ndoo moja ya samadi iliyooza. Kwa waridi la jangwa na franjipani geuza hesabu: ndoo mbili za mchanga mnene, moja ya kokoto ndogo au vigae vilivyopondwa, na moja ya samadi. Udongo ukiwa sawa, maji unayomimina juu yataonekana yakitoka tundu la chini ndani ya dakika moja au mbili. Yakituama, ongeza kokoto.

Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache. Wala usichukue mchanga wa vilima vya Shela. Vilima hivyo ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji ya mvua yanayonywewa na mji wa Lamu.

Samadi Lamu haijawahi kuwa tatizo, punda wapo. Lakini samadi mbichi ya punda imejaa mbegu za nyasi, na joto lake linachoma mizizi. Irundike pembeni, iloweshe, ifunike kwa makuti, uigeuze kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa nyeusi, itanuka udongo baada ya mvua, na hutaona tena vipande vya nyasi ndani yake. Ukitaka kuwa nayo tayari Oktoba, anza Julai. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ni matandazo mazuri juu ya udongo, ila uliza yametoka wapi: yale yaliyofukiwa pwani ili kufanyiwa kamba yamelowa chumvi, na yanahitaji kuoshwa mara kadhaa.

Maji ya kisima yaonje. Ukihisi chumvi ulimini, asumini nayo itaihisi. Dalili nyingine ni ukoko mweupe unaojitokeza nje ya chungu cha udongo. Bogenvilia itakunywea maji hayo bila kelele nyingi, waridi la jangwa litayavumilia kwa kiasi, asumini itanyauka. Kwa hiyo kinga maji ya vuli. Mwenye birika la zamani nyumbani, lile tangi la maji la kujengwa, ana bahati. Asiye nalo, pipa moja lenye mfuniko chini ya mfereji wa paa linatosha asumini mbili au tatu kwa muda mrefu. Mfuniko ni lazima kwa sababu ya mbu.

Hatua ya tatu: kupanda na vuli

Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kupanda, mvua za vuli zikusaidie kumwagilia.

Bogenvilia. Kata kipandikizi unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, kutoka tawi lililokomaa. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, kizike hadi nusu kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Mizizi inachukua wiki sita hadi kumi, na wengi hukata tamaa wiki ya nne, wakakichomoa kutazama, kikafa. Kiache. Ukinunua mche kitaluni, pasua mfuko wa nailoni kwa kisu badala ya kuuvuta mmea. Mizizi yake ni myembamba na inakatika ovyo, na bogenvilia iliyokatika mizizi hukaa miezi bila kusogea.

Asumini. Njia isiyoshindwa ni kulaza tawi. Chagua tawi refu la chini, likwaruze kidogo kwa kisu upande wa chini, lilaze ndani ya kopo la udongo lililowekwa kando ya mmea mama, ulikandamize kwa jiwe. Baada ya miezi miwili hivi litakuwa na mizizi yake, likate ulihamishe. Karibu kila nyumba ya Lamu yenye asumini nzuri itakupa tawi ukiomba kwa adabu, na hiyo ni bora kuliko kununua, kwa kuwa unajua mama yake anachanua namna gani.

Franjipani. Kata tawi la sentimita 30, liegemeze ukutani kivulini kwa wiki moja au mbili mpaka utomvu ukauke na kidonda kifunge. Hapo ndipo ulipande, mwagilia mara moja, kisha lisahau mpaka litoe majani. Ua la kwanza linaweza kuchukua mwaka mmoja au miwili. Jambo la kuchekesha kuhusu franjipani ni kwamba harufu yake ya usiku ni ulaghai: inawaita nondo waje kutafuta asali, na ndani ya ua hamna asali yoyote. Nondo anahangaika ua hadi ua, akibeba chavua bila malipo.

Waridi la jangwa. Jina lake la kitaalamu, Adenium, limetokana na Aden ya Yemeni, bandari ambayo majahazi ya Lamu yalikuwa yakiijua vizuri. Kwenye vichaka vikavu vya bara ya pwani yetu linaota lenyewe. Usilichimbe huko. Lile shina nene unalolitamani limechukua miaka mingi kufika hapo, na mara nyingi linaozea kwenye chungu ndani ya msimu mmoja. Tumia mbegu. Mmea uliokomaa hutoa maganda mawili mawili yaliyosimama kama pembe. Yakianza kubadilika rangi kuelekea kahawia, yazungushie uzi au kipande cha chandarua kuukuu. Usipofanya hivyo, asubuhi moja utakuta ganda limepasuka na mbegu zimekwenda na upepo, maana kila mbegu ina manyoya pande zote mbili. Panda mbegu ikiwa bado mpya, juu juu tu, kwenye mchanga wenye unyevu. Kwa joto letu huota ndani ya wiki moja hivi. Kipandikizi cha tawi kinashika pia, kikianikwa kivulini siku tano kwanza, ila hakitakuwa na kile kitumbo cha chini kwa muda mrefu.

Mwenye haraka, anayetaka rangi Februari hii hii, apande vinka na zinia kwa mbegu mwanzoni mwa Novemba. Vinka ni lile ua la pinki au jeupe la petali tano unaloliona limeota lenyewe kwenye nyufa za kuta Lamu; asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, na ndilo lililowapa madaktari dawa mbili za saratani, vinblastini na vinkristini. Baada ya wiki kumi hivi linachanua na haliachi. Zinia inakwenda haraka zaidi, nayo inataka kumwagiliwa udongoni bila kulowesha majani.

Hatua ya nne: kiu

Hapa ndipo kazi ilipo, na kila mmea nausemea peke yake.

Bogenvilia huchanua kwenye ncha za matawi mapya. Ipogoe mwishoni mwa Oktoba, ukate theluthi ya urefu wa kila tawi, kisha iache ikue na mvua za vuli. Katikati ya Desemba acha kumwagilia. Iliyo ardhini kwa zaidi ya miaka miwili haihitaji tone lako tena hadi mvua za mwaka. Iliyo kwenye chungu itazame jioni: majani yakianza kulegea kidogo, ipe maji mengi mara moja mpaka yatoke chini, halafu ngoja tena mpaka yalegee. Mzunguko huo ukirudiwa mara kadhaa, ncha zinaanza kubadilika rangi Januari. Hayo mekundu na zambarau ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kibomba cheupe kidogo cha katikati. Mbolea nyingi ya samadi wakati huu itakuharibia, utapata matawi marefu ya kijani yenye miiba. Kijiko cha chai cha NPK 17:17:17 kwa chungu cha lita 10, mara moja mwanzoni mwa Desemba kabla ya kiu, kinatosha.

Mmea huu, kwa taarifa tu, ni wa Amerika Kusini. Ulikusanywa Brazili na Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na nahodha Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville katika safari ya kuzunguka dunia ya 1766 hadi 1769. Leo ukiuondoa pwani ya Kenya watu wataona umeondoa kitu chao cha jadi.

Waridi la jangwa lina kiu rahisi. Toka Desemba punguza maji hadi mara moja kwa wiki mbili. Litapukutisha majani, na wengi hapo wanaogopa wakalimwagia ndoo nzima. Bonyeza shina la chini kwa kidole gumba. Likiwa gumu, liko salama, linatumia akiba yake. Likiwa limesinyaa kidogo lakini gumu, lipe kikombe kimoja cha maji. Likiwa laini na linabonyea, limeoza, na hapo tatizo ni maji kuzidi: kata mpaka ufikie nyama nyeupe safi isiyo na doa, paka unga wa mkaa, lianike wiki nzima kivulini, kisha lipande upya kwenye mchanga mkavu. Lililo zima litatoa vitumba kwenye ncha za vijiti vitupu, na litachanua kwa wiki nyingi.

Asumini ni kinyume, na ndiyo inayowachanganya watu. Kiu yake inatangulia, maji yanafuata. Mwishoni mwa Desemba, acha kuimwagilia kwa siku kumi hadi kumi na nne, mpaka majani yaanze kupauka na mengine yaanguke. Kisha ipogoe: ondoa matawi makavu na membamba yote, yaliyobaki yakate hadi nusu. Weka samadi iliyooza unene wa vidole viwili kuizunguka, mbali kidogo na shina, na kuanzia siku hiyo maji ni kila siku, asubuhi mapema au baada ya alasiri. Matawi mapya yatatoka mengi kwa pamoja, na kwa kawaida baada ya wiki sita hadi nane ncha zake zinakuwa na vitumba, vitatu vitatu. Toka vitumba vionekane usiruhusu udongo ukauke hata siku moja. Asumini iliyopata kiu ikiwa na vitumba huvipukutisha vyote, utavikuta chini vimekuwa kahawia, na hakuna mbolea itakayovirudisha.

Franjipani haitaki lolote. Iache ilivyo.

Wadudu wa msimu wa kiangazi

Mimea yenye kiu inavutia wadudu fulani. Kwenye waridi la jangwa tafuta utitiri: majani machache yaliyobaki yanapauka kwa vitone vidogo, na chini yake kuna utando mwembamba. Kwenye viungo vya asumini na franjipani utaona vidung'ata, ule weupe unaofanana na pamba. Chukua lita moja ya maji, kijiko cha chai cha sabuni ya maji, piga kwenye pampu ya mkono, nyunyizia magharibi jua likishazama, chini ya majani hasa. Rudia baada ya siku tano. Ukitaka kuongeza nguvu, loweka majani ya mwarubaini yaliyopondwa usiku kucha, uyachuje, utumie maji yake badala ya maji matupu. Ukikuta waridi lako la jangwa limeliwa majani yote kwa usiku mmoja, tafuta kiwavi mkubwa wa kijani mwenye alama mbili za buluu mgongoni karibu na kichwa. Sumu ya mmea haimdhuru. Mtoe kwa mkono.

Kuchuma asumini

Asumini haichumwi ikiwa imefunguka. Baada ya alasiri pita kwenye mmea utafute vitumba vilivyojaa, vyeupe kabisa, ambavyo bado vimefumba. Kile chenye ukijani kwenye ncha ni cha kesho. Shika chini, pale ua linapokutana na kikombe chake cha kijani, libane kwa ukucha na lizungushe kidogo. Litakuja na kibomba chake kizima. Ukilivuta kutoka juu, petali zinabaki mkononi na kibomba kinabaki mtini. Weka vitumba juu ya kitambaa chenye unyevu, usivirundike.

Anza kutunga mara moja, kabla ya magharibi, maana sindano ikipita kwenye ua lililofumba haipasui. Uzi upite kwenye kibomba, ua moja likitazama kulia, linalofuata kushoto, hivyo shada linajaa pande zote. Kufikia isha vitumba vyote vimefunguka uzini na chumba kizima kimejua. Kwa kikuba, kile kishada cha maua ya harufu wanachovaa wanawake, utahitaji pia majani ya mrehani na vipande vya mkadi, na huo ni ufundi wa kujifunza kwa kukaa karibu na mama anayejua, si kwa kusoma. Kama arusi ni kesho, chuma leo jioni, funga vitumba kwenye jani la mgomba lililopanguswa kwa maji, viache mahali pa baridi pasipo upepo. Vitachelewa kufunguka kwa saa kadhaa, havitavuka siku ya pili.

Kata mauamaua ya mrehani kila yanapotokea, la sivyo majani yatakuwa machache na magumu.

Mvua zikikaribia

Mwishoni mwa Machi kuna ua moja la kwetu ambalo halihitaji kupandwa kila mwaka. Scadoxus multiflorus ni tunguu la Afrika lililolala udongoni kiangazi chote bila dalili, na mvua ya kwanza ikigusa ardhi linachomoza shina moja lenye tufe jekundu la maua mengi madogo, mara nyingi kabla ya majani yake. Likiota uwanjani kwako liwekee mawe kuzunguka ili lisikanyagwe, na waambie wanaofyeka wasilifyeke. Majani yakishakauka, mwisho wa msimu, usiyang'oe wala usichimbe hapo. Tunguu ni sumu likiliwa.

Mawingu yakianza kujikusanya kusini, yahamishe mawaridi ya jangwa chini ya varanda au kwenye daka la mlangoni kabla ya mvua kubwa, sio baada. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi kwetu, na ndio mwezi yanaooza mengi zaidi. Yasiyohamishika yatolee mifereji pembeni. Bogenvilia ipogoe kidogo ili upepo wa kusi usiivunje. Mbegu za vinka na zinia zilizokomaa chuma siku kavu, zianike kivulini siku tatu, ziweke kwenye bahasha ya karatasi, andika jina na mwezi, uzitie kwenye kopo lenye mfuniko mpaka Novemba.